Je, Wajua? Nyumba za Eastlands, Kutoka Fito na Debe Hadi Mashine

Panda matatu ya Jogoo Road kutoka mjini hadi Umoja, na utakuwa umepita karne nzima ya ujenzi kwa nauli moja. Majengo na Shauri Moyo mkono wa kushoto, Kaloleni mkono wa kulia, kisha vigae vya Buruburu, kisha maghorofa hadi macho yachoke. Wazee walijua nini kuhusu kujenga? Mashine zimeongeza nini? Na ni kitu gani kilichodondoka njiani tusikiokote?

MWANZO ULIKUWA MAJENGO

1. Je, wajua kwamba nyumba za kwanza za Majengo, Pumwani, hazikujengwa na serikali? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakuu wa mji walipima viwanja na kuwaachia Waafrika wajenge wenyewe. Nao wakajenga kwa walichokijua: nguzo, fito, udongo uliokandwa kwa miguu, na juu yake paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Fito na udongo ni elimu ya babu. Debe ni taka ya kiwanda. Huo mchanganyiko wa jadi na kisasa unaosifiwa leo kwenye makongamano ulianza Majengo bila kongamano lolote.

2. Je, wajua kwamba ramani ya nyumba hizo ilisafiri kutoka pwani? Ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Ukumbuke huo ua, tutaurudia.

3. Je, wajua kwamba Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni pacha? Majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulimi wa Kiswahili ulilikanda jina la Kiingereza kama udongo, kila mji ukalipa umbo lake.

4. Je, wajua kwamba Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliobomolewa nyumba zao katika kijiji cha Pangani? Bomoabomoa ya Nairobi ina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaoilalamikia.

5. Je, wajua kwamba Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulipangwa kama bustani yenye nyumba ndani yake? Kuta za mawe, mapaa ya vigae, miti na nyasi katikati, na ukumbi wa kijamii ambao siasa zake ziliupa jina la utani la "House of Commons". Wakazi husimulia hadi leo jinsi mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili walivyoshika mwiko na timazi katika ujenzi wake.

CHINI YA MIGUU

6. Je, wajua kwamba Nairobi ni miji miwili ya udongo? Magharibi, Kileleshwa na Lavington, udongo ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Mashariki, kuelekea tambarare za Athi, udongo ni mweusi, ule ambao mafundi wa mjengo huuita blakotoni. Serikali ya kikoloni iliyowagawa watu kwa rangi iliwapa Wazungu miinuko ya udongo mwekundu, na mitaa mingi ya Waafrika ikaangukia upande wa tambarare. Ubaguzi huo bado unalipwa: msingi wa nyumba Kayole unaweza kumeza pesa kabla jiwe moja halijaonekana juu ya ardhi.

7. Je, wajua kwamba udongo mweusi hupumua? Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi kikija husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Chembe zake zimepangwa kwa tabaka nyembamba mno, na maji huingia kati ya tabaka hizo kama yanavyoingia kati ya kurasa za kitabu kilichoanguka beseni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Eastlands ufa huanzia chini, na anayeuziba ni yule tu aliyechimba vya kutosha.

8. Ndiyo maana mazungumzo yafuatayo husikika kwenye kila kiwanja kuanzia Njiru hadi Embakasi. Mwenye kiwanja anachungulia shimoni: "Fundi, bado?" Fundi anajibu bila kuinua kichwa: "Bado, mdosi. Hatujafika murram." Lori linaondoka na udongo mweusi, jingine linakuja na mawe ya kujazia. Fundi huyo hana kipimo cha maabara. Anasikiliza sururu: kwenye udongo mweusi inazama kimya, kwenye murram, ule udongo wa changarawe, inakwaruza, kwenye mwamba inalia.

9. Je, wajua kwamba dawa ya udongo mweusi ni chokaa, ile ile iliyojenga Lamu na Gede? Waswahili wa kale walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakayazima kwa maji, wakapata chokaa ya kujengea na kupakia. Leo wahandisi wa barabara huchanganya chokaa asilimia chache katika udongo mweusi, nao hupunguza kuvimba na kuwa mgumu. Chokaa huibadili kemia ya zile tabaka zisinywe maji kwa pupa. Mkemia huandika fomula. Mwashi wa Lamu aliiweka chokaa shimoni ikomae.

10. Je, wajua kwamba jiwe la kijivu la Nairobi ni zao la volkeno? Sehemu kubwa yake ni majivu yaliyomwagika wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, yakagandamana yakawa mwamba unaokatika kwa msumeno. Machimbo yalienea Njiru, Kayole, hadi Ndarugu upande wa Juja. Na jalala la Dandora? Lilianza 1975 ndani ya machimbo ya zamani. Jiji lilitoa mawe shimoni, likarudisha taka. Mwaka 2001 jalala lilitangazwa kuwa limejaa, na malori hayajakoma.

11. Je, wajua kwamba hata mfuko wa simiti unaobebwa begani pale hadweya una majivu ya volkeno? Simiti ya kawaida ya 32.5 inayouzwa Kenya huwa aina ya pozolana: zaidi ya theluthi moja ya kilo zake inaweza kuwa mawe ya volkeno yaliyosagwa badala ya klinka ya tanuri. Warumi walijua siri hiyo miaka 2,000 iliyopita walipochanganya chokaa na majivu ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Neno pozolana limetoka huko.

12. Kwa nini ipunguzwe klinka? Kwa sababu hupikwa kwa moto wa takriban nyuzi 1,450, na jiwe la chokaa lenyewe hutoa hewa ya kaboni linapoiva. Simiti inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kila kilo ya klinka inayookolewa ina maana.

UKUTA

13. Je, wajua kwa nini mwanamke wa Kimaasai huchanganya samadi kwenye udongo wa nyumba yake, enkaji? Ng'ombe amekwisha kuzisaga nyasi zikawa nyuzi fupi, na nyuzi hizo hushikilia udongo usipasuke unapokauka. Viwanda vya leo hutia nyuzi za plastiki au chuma kwenye zege kwa sababu hiyo hiyo. Na Kenya ya miaka ya 1980 iliona vigae vya simiti vilivyotiwa nyuzi za mkonge: kazi ya samadi, jina jipya.

14. Je, wajua kwamba sakafu ya udongo imepata mafuta? Nchini Rwanda, EarthEnable, iliyoanza 2014, hushindilia murram na udongo, kisha huipaka sakafu mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa kama plastiki ngumu. Inaoshwa kwa kitambaa. Bibi aliyekuwa akipaka samadi kila wiki angeitazama, angeigonga kwa kisigino, angeuliza bei.

15. Je, wajua kwamba vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu ya mti? Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri huruhusu upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Mikoko hiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, kwa hivyo chumba cha huko nacho kilikatwa kwa kipimo cha msitu wa Lamu. Chumba cha kupanga cha Eastlands, futi 10 kwa 10, kina upana karibu huo huo. Tofauti ni kwamba Lamu kipimo kilitoka kwenye mti; Eastlands kilitoka kwenye hesabu ya kodi.

16. Je, wajua kwamba mashine ya tofali la udongo ilizaliwa Kolombia? Mwaka 1956, Raúl Ramírez wa kituo cha CINVA mjini Bogotá alitengeneza kishinikizo cha chuma chenye wenzo mrefu: unatia udongo na simiti kidogo, unavuta wenzo kwa uzito wa mwili wako, tofali linatoka. Haina injini, haina umeme, haina tanuri. Kutoka kwa babu huyo wakaja wajukuu wanaotengenezwa hata Nairobi, wanaotoa matofali ya kushikana: moja lina nundu, jingine lina tundu, yanapandana yenyewe na kuhitaji mota kidogo sana.

17. Tofali hilo halichomwi. Hufunikwa kwa karatasi ya plastiki na kunyunyiziwa maji kwa siku saba au zaidi, kisha huachwa likomae. Kwa kuwa halichomwi, hakuna mti unaoingia tanurini. Lakini tusidanganyane: udongo mweusi wa Eastlands haulifai. Murram lazima iletwe kwa lori, na lori hunywa dizeli. Na ukuta wa tofali hilo hubeba ghorofa mbili tatu, si nane. Mtaani mwa maghorofa, nafasi yake ni kujaza kati ya nguzo za zege.

18. Je, wajua kwamba kipimo bora cha unyevu wa udongo ni kiganja? Chota udongo uliochanganywa, ufinye uwe donge, nyoosha mkono mbele kwa urefu wa bega, uachie. Likitua bila kupasuka, umetia maji mengi. Likisambaa vumbi, ongeza maji. Likivunjika vipande vinne hadi sita, ita wenzako, mashine ianze. Mafundi hurudia jaribio hilo mchana kutwa, kwa sababu jua la saa saba si la saa tatu, na udongo uliokuwa sawa asubuhi umekwisha kukauka.

19. Na simiti kiasi gani? Jibu hutoka kwenye sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4. Lijaze udongo mbichi, uuache ukauke, kisha pima ulivyojivuta. Ukisinyaa chini ya milimita 12, sehemu moja ya simiti kwa sehemu 18 za udongo inatosha. Ukisinyaa milimita 40 au 50, utahitaji moja kwa 12. Mama mfinyanzi alijua hayo kwa kuangalia nyufa za chungu. Sanduku limeziwekea namba.

20. Je, wajua kwamba udongo uliwahi kuwa kinyume cha sheria mjini? Kanuni za ujenzi za 1968 zilifuata mkondo wa Kiingereza na kutaja vifaa vinavyokubalika. Nyumba ya udongo haikupata kibali. Marekebisho ya 1995 yaligeuza swali: badala ya kuuliza ukuta ni wa nini, yakauliza ukuta unafanya nini, yaani unabeba uzito gani na unastahimili maji vipi. Nchi sasa ina Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024. Sheria ilichukua zaidi ya robo karne kuuliza swali ambalo mwashi yeyote huanza nalo.

21. Unadhani udongo ni wa kibanda tu? Shibam, nchini Yemeni, ina majumba marefu ya matofali ya udongo, mengine ya karne ya 16, na watu wangali wanaishi humo. Ngome ya Bahla nchini Oman, ya udongo pia, iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Udongo hauogopi jua. Unaogopa maji, yakitoka juu kwa paa bovu au yakipanda kutoka chini kwa msingi mbaya.

22. Je, wajua kwamba taka za plastiki za Nairobi zinakanyagwa kama njia? Nzambi Matee, mwanzilishi wa Gjenge Makers, huyeyusha plastiki pamoja na mchanga na kuishindilia iwe matofali ya sakafu za nje. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtuza kama mmoja wa Mabingwa Vijana wa Dunia. Majengo walinyoosha debe. Yeye ameyeyusha chupa. Ukoo ni mmoja.

23. Je, wajua kwamba uyoga hujenga? Kampuni ya MycoTile, iliyoanzishwa Kenya na mbunifu Mtamu Kililo, huotesha nyuzinyuzi za uyoga ndani ya mabaki ya mashambani, zikayafunga yakawa vibao vya kuzuia joto na kelele. Jirani anayepiga muziki wa Genge usiku kucha aonywe: dawa yake imepatikana.

24. Je, wajua kwamba Kilifi kuna nyumba zilizochapishwa? Katika mradi wa Mvule Gardens wa kampuni ya 14Trees, printa kubwa ilimimina kuta tabaka juu ya tabaka, nyumba 10 kwa wiki 10. Ukiutazama ukuta wake kwa karibu unafanana na chungu cha mviringo wa pete, kamba ya udongo juu ya kamba. Wafinyanzi wanaitambua mbinu hiyo.

PAA, HEWA NA MAJI

25. Je, wajua kwa nini chumba cha mabati ni tanuri mchana na friji usiku? Bati la geji 30 halifiki unene wa theluthi moja ya milimita. Jua likiligonga, joto limekwisha kuingia. Jua likizama, joto limekwisha kutoka. Ukuta mnene wa udongo huchelewesha joto kwa saa kadhaa, ndipo usiku wa Julai unakuta ungali na uvuguvugu. Watafiti waliotundika vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru katika kiangazi cha 2015/2016 walikuta joto likizidi lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa.

26. Dawa ya bei nafuu? Dari chini ya bati, hata ya mbao hafifu, mradi hewa ipite katikati. Au rangi nyeupe juu ya bati, irudishe jua lilikotoka. Miji ya pwani ilipaka chokaa nyeupe kwa karne nyingi, wala si kwa urembo pekee.

27. Je, wajua kwamba jua husimama wima juu ya Nairobi mara mbili kwa mwaka? Siku chache kabla ya Machi 21 na siku chache baada ya Septemba 23, kwa kuwa jiji liko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua liko kaskazini, Desemba kusini. Kinachochoma nyumba ni jua la jioni, linaloingia chini chini kutoka magharibi. Nyumba ndefu kutoka mashariki hadi magharibi, yenye madirisha kaskazini na kusini, hulikwepa. Haigharimu hata shilingi. Ni kugeuza ramani tu.

28. Je, wajua kwamba maghorofa ya mtaa wa Pipeline ni wajukuu wa nyumba ya Majengo? Tazama ramani ya sakafu moja: korido katikati, vyumba 10 kwa 10 kushoto na kulia, choo na bomba la pamoja. Ni ukumbi ule ule wa Pumwani, umepandishwa juu ya mwenzake mara saba au nane. Kilichodondoka njiani ni ua.

Na ua ndio ulikuwa mapafu ya nyumba. Hewa iliingia mlango wa mbele, ikapita ukumbini, ikatokea nyuma. Nguo zilianikwa hapo, watoto walicheza hapo, ugomvi wa wapangaji uliamuliwa hapo. Ondoa ua, na korido inakuwa giza saa sita adhuhuri. Mtoto anafanya kazi ya shule kwa taa ilhali nje jua linawaka. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011 *Tenement Cities*, aliyalinganisha maghorofa ya kupanga ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19. Huko Berlin, sheria ya 1853 ilidai ua wa angalau mita 5.34 kwa 5.34, ili gari la zimamoto lipate pa kugeukia. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa ua. Kabla ya kununua teknolojia ya kupooza nyumba, Eastlands ingefaa idai kwanza kile ambacho nyanya wa Majengo alikuwa nacho bure.

29. Je, wajua kwamba mchwa ni mwalimu wa usanifu? Chuo cha Startup Lions huko Turkana, kazi ya Diébédo Francis Kéré iliyokamilika 2021, kina minara mirefu kama vichuguu. Hewa moto hupanda na kutoka juu, hewa baridi huvutwa kutoka chini. Ghorofa la Eastlands lenye bomba pana la hewa kutoka chini hadi paani lingefanya kazi hiyo hiyo.

30. Je, wajua kwamba paa lako ni bomba? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 20, likipata milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 18,000. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 14,400, yaani mitungi 720 ya lita 20. Piga hesabu kwa bei ya mtungi mtaani kwako wakati maji yamekatika. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa hujaza tangi.

31. Je, wajua kwamba si kila cha jadi ni chema? Moshi wa msonge ulifukuza wadudu kwenye nyasi za paa na kuzifanya zidumu, lakini uliyaumiza mapafu ya mama. Hapo teknolojia ilisaidia kweli. Jiko la makaa lenye kikombe cha udongo ndani na bati nje lilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, likifuliwa na jua kali wa Kamukunji na Shauri Moyo. Bati ni urithi wa jiko la chuma la zamani, kikombe kilibuniwa kwa kuiga majiko ya Thailand, udongo ni wa kwetu. Likitumika vizuri huokoa kati ya theluthi moja na nusu ya makaa.

MIKONO MINGI

32. Je, wajua kwamba nyumba ya Kikuyu ilipaswa kukamilika kwa siku moja? Jomo Kenyatta alieleza utaratibu huo katika *Facing Mount Kenya*, 1938. Wanaume walisimamisha miti, wanawake walileta nyasi za kuezeka, na jioni moto uliwashwa ndani. Isingewezekana bila ngwatio, kazi ya kusaidiana. Wakamba wana mwethya, Wajaluo wana saga.

33. Je, wajua kwamba kwa Wamaasai, Warendille na Wagabra, mjenzi ni mwanamke? Nyumba ya Kirendille hufunguliwa vipande, ikapakiwa juu ya ngamia, ikasimamishwa tena malishoni. Wanaouza leo nyumba za kuunganisha vipande wana shangazi kaskazini.

34. Je, wajua kwamba Dandora ilianza kama viwanja vyenye choo na bomba? Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975 ulitoa viwanja takriban 6,000 vyenye huduma, na familia zikajijengea vyumba kadiri ya mfuko. Ni Pumwani ya miaka ya 1920 tena, safari hii ikiwa na mfereji wa maji taka.

35. Je, wajua kwamba katika kijiji cha Kambi Moto, mtaani Huruma, wakazi walifinyanga sakafu za ghorofa zao wenyewe? Kuanzia 2003, wakiwa na mashirika ya Muungano wa Wanavijiji na Pamoja Trust, walijenga nyumba za kwenda juu kwenye viwanja vidogo kama chumba. Badala ya kumwaga zege moja kubwa juu ya mbao za kukodi, walitengeneza chini vipande vidogo viitwavyo ladi, jina lililofika pamoja na mbinu hiyo kutoka Bara Hindi. Kina mama walivifinyanga, vikakauka, vikapandishwa na kupangwa juu ya mihimili. Hiyo ni ngwatio yenye hesabu ya mhandisi.

36. Hesabu hiyo ni muhimu. Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, ghorofa la Huruma karibu na mto lilianguka na kuua watu wapatao 50. Mikono mingi bila kipimo ni hatari, kama vile kipimo bila mikono ni karatasi.

37. Je, wajua kwamba Mukuru ilitangazwa eneo maalum la upangaji mwaka 2017? Kaya takriban 100,000 zilihusishwa, wakazi wakahesabu nyumba, vyoo na vichochoro vyao kabla wataalamu hawajachora mstari. Karibu na hapo unaendelea mradi wa serikali wa nyumba 13,248 za maghorofa. Za kwanza 1,080 zilikabidhiwa Mei 2025. Ukipata nafasi ya kuzitembelea, usianze na vigae vya bafu. Uliza ua uko wapi.

38. Na je, wajua kwamba Buruburu na KICC zina jina moja nyuma yao? David Mutiso, anayetajwa kuwa mbunifu majengo wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, alishirikiana na Karl Henrik Nøstvik kwenye jumba la KICC, na kampuni yake, Mutiso Menezes, ikachora Buruburu ya miaka ya 1970: vigae, vichochoro na viua vidogo vilivyozungushiwa ukuta. Wengi wa wenye nyumba wameshavijenga viua hivyo vikawa maduka. Anayepita huko jioni bado anaweza kuhesabu vichache vilivyosalia.

JARIBU MWENYEWE

Tafuta chupa ya plastiki isiyo na rangi. Chimba udongo wa kiwanjani kwako, si wa juu wenye majani, bali wa kina cha mkono. Jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji hadi karibu na shingo, tia chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iweke dirishani na usiiguse.

Mchanga utashuka kwa muda wa kuhesabu hadi mia. Vumbi laini litafuata baada ya nusu saa au zaidi. Kesho yake utaona tabaka la tatu, la mfinyanzi, na maji ya juu huenda bado yana ukungu. Ikiwa mchanga ndio mwingi na mfinyanzi kidogo, una udongo wa tofali. Ikiwa karibu chupa yote ni mfinyanzi mweusi, huo ni Eastlands halisi: weka akiba ya msingi kwanza.

Chora mistari mitatu kwa kalamu ubavuni mwa chupa, uende nayo siku ya kupatana bei. Fundi akiiona, atajua anazungumza na mtu anayejua anachokanyaga.